Jinsi ya kufuatilia kaboni ya kwenye maji ya mto Zigi kwa miaka mingi bila kujidanganya

Ukikaa Tanga mjini ukafungua bomba, maji yale yametoka Zigi, yameshuka toka misitu ya Amani kule Usambara Mashariki, yakakaa bwawa la Mabayani, yakasafishwa ndo yakakufikia. Kwa hiyo kila kinachoyeyuka ndani ya ule mto kinatuhusu, na mojawapo ya vitu hivyo ni kaboni inayotoka kwenye majani yaliyooza, mizizi, udongo mweusi wa msituni, mbolea ya samadi, maji machafu ya majumbani na kadhalika. Maabara wanaiita DOC, yaani kaboni ya ogani iliyoyeyuka, na maana yake ya kikazi ni rahisi tu: ile kaboni inayopita kwenye filta yenye matundu ya maikromita 0.45. Ikibaki juu ya filta hiyo ni tope na takataka, ikipita ndo tunayoitafuta.

Naandika hii kwa walimu wa sayansi, vijana wa jumuiya za watumia maji, wanafunzi wa chuo wanaotafuta mradi wa maana, yeyote ambae anaweza kukaa na mto mmoja miaka kumi. Nasema kumi makusudi. Kipimo kimoja cha leo hakikuambii chochote kuhusu mabadiliko, na vipimo vya mwaka mmoja vinakuambia habari za masika na vuli basi.

Kwa nini ujisumbue? Klorini ikikutana na hii kaboni inatengeneza kemikali nyingine zisizotakiwa kwenye maji ya kunywa, klorofomu ikiwemo. Jambo hili lilijulikana 1974 pale mkemia Johannes Rook alipolionyesha kwenye maji ya Rotterdam, na tangu hapo nchi nyingi zina viwango, WHO wanataka klorofomu isizidi maikrogramu 300 kwa lita, Marekani wanajumlisha klorofomu na ndugu zake watatu wanasema zote pamoja zisizidi 80. Hapo usije ukaelewa kwamba klorini ni mbaya uiache, hapana, kipindupindu kinaua wiki hii hii na klorini ndo inatukinga, ila kaboni ikiongezeka mtoni mtambo unahitaji shabu nyingi zaidi na klorini nyingi zaidi, gharama zinapanda na kazi ya kusafisha inakuwa ngumu. Halafu kuna zebaki, kule milimani watu wamewahi kuchimba dhahabu kwenye vijito, na zebaki inapenda kujishika na hii kaboni ikasafiri nayo mbali.

Sasa tuanze kazi.

Kwanza kabisa tofautisha tope na rangi, maana watu wengi wanachanganya. Chota maji ya mto kwenye chupa ya kioo, iache usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi utakuta tope jekundu limelala chini, na maji ya juu yake ama ni meupe ama yana rangi kama chai ya rangi iliyozimuliwa. Ile rangi inayobaki juu kwa sehemu kubwa ndo kaboni yetu. Tope linaweza kuwa jingi balaa na kaboni ikawa kidogo, na kinyume chake pia. Kwa hiyo mtu akikwambia "mto umechafuka sana siku hizi" muulize umechafuka vipi, umekuwa mwekundu au umekuwa kahawia?

Kuchagua sehemu. Hapa ndo tumia muda, nenda utembee, kaa na wazee wa pale. Unataka sehemu ambayo utaifikia hata mvua ikinyesha wiki nzima, daraja ni zuri kuliko yote kwa sababu unashusha ndoo na kamba bila kuingia majini, na kwa mito kama Pangani, Ruvu na Wami sitaki kusikia mtu kaingia majini, mamba wapo na viboko wapo. Usichote chini kidogo tu ya pale kijito kingine kinapoingia, maji yanakuwa hayajachanganyika bado. Kama kuna korona ya mkonge, yaani mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, inayomwaga maji yake mtoni, kuwa na kituo kimoja juu yake na kingine chini yake, la sivyo utapima mkonge ukidhani unapima msitu. Na ndugu zangu wa Bagamoyo, mkichota Ruvu karibu na mikoko mnachota bahari nusu, maji yakijaa chumvi inapanda na mikoko yenyewe inatoa kaboni nyingi, kwa hiyo pandeni juu mpaka pale kipimo cha chumvi hakibadiliki maji yakijaa wala yakipwa.

Ukiweza kuchagua sehemu yenye kituo cha kupimia kina cha maji, chagua hiyo hiyo hata kama ni mbali. Kwa Zigi kuna Lanzoni, na upande wa Ruvu kuna pale daraja la barabara ya Morogoro. Takwimu zinatunzwa na Bodi ya Maji ya Bonde, kwa Zigi ni Bonde la Pangani, kwa Ruvu na Wami ni Bonde la Wami/Ruvu, waandikieni barua, elezeni mnachofanya, ombeni na kibali hapo hapo. Kama hakuna kituo karibu, paka rula yako kwenye nguzo ya daraja kwa rangi ya mafuta, sentimita kwa sentimita, na kila ukichota andika maji yamefika wapi.

Nalisisitiza hili la kina cha maji kuliko kitu kingine chochote kwenye maelezo haya yote. Kaboni inapanda na mto. Kiangazi Zigi inaishi kwa maji ya chini ya ardhi, maji yaliyopita kwenye udongo wa chini ambao unakamata kaboni na kuibakiza, ndo maana yanatoka maangavu. Mvua ikinyesha, maji yanapita juu juu, kwenye matabaka ya majani na udongo mweusi, yanabeba kila kitu. Ile mvua ya kwanza ya vuli baada ya kiangazi kirefu ndo kali kuliko zote, majani yamejikusanya miezi yanasubiri, maji yanaweza kutoka na rangi kali saa chache tu halafu ikapungua hata kabla mto haujaanza kushuka. Kwa maana hiyo sampuli mbili zenye kina kile kile zinaweza kutofautiana sana, moja mto unapanda, nyingine mto unashuka. Andika kwenye daftari: unapanda, unashuka, au umetulia. Neno moja tu, lakini miaka mitano mbele litakuokoa.

Vifaa. Chupa za kioo cha kahawia ndo bora, mwanga hauingii. Chupa za soda na za maji ya kunywa achana nazo, plastiki nyingine zinatoa kaboni yake na hujui iliwekwa nini kabla. Sirinji kubwa ya mililita 50 au 60 isiyo na mpira mweusi mbele, filta za 0.45 za kuchomekwa kwenye sirinji, deli la samaki lililooshwa vizuri likawekwa barafu, kalamu ya risasi. Kalamu ya risasi nasema kwa sababu makapeni yana spiriti, na spiriti ni kaboni, vile vile sanitaiza ya mikono, sabuni, sigara, moshi wa bodaboda iliyowashwa pembeni, vyote hivi vinaingia kwenye sampuli yenye miligramu mbili tu kwa lita ukapata nne ukashangaa. Nawa mikono kwa maji ya mto, basi.

Kuchota kwenyewe: simama upande wa daraja ambao maji yanakuja, shusha ndoo katikati ya mto pale maji yanapokimbia, suuza ndoo mara tatu kwa maji yale yale ukiyamwaga upande wa pili, ya nne ndo yako. Vuta na sirinji, funga filta, sukuma mililita 50 za kwanza umwage, usiziweke. Hapa watu wana uvivu kweli kweli. Filta nyingi zinatoka kiwandani na kitu cha kulainisha ambacho ni kaboni, ukichukua tone la kwanza umechukua filta. Baada ya hapo suuza chupa kwa maji yaliyochujwa, jaza, funga, weka kwenye deli.

Chuja pale pale mtoni. Usiseme ntachuja nikifika nyumbani, joto la Tanga tunalijua, bakteria ndani ya maji yasiyochujwa wanakula ile kaboni laini usiku mmoja tu. Ukishachuja umewatoa wengi wao, halafu kwa ile chupa inayoenda kwenye mashine ya kaboni unadondosha matone ya tindikali ya haidrokloriki mpaka pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, iwe chini ya 2, mvae glavu na miwani na wanafunzi wadogo wasiishike kabisa hiyo, ikishatiwa tindikali na ikakaa kwenye baridi ya nyuzi 4 inavumilia mpaka siku 28. Chupa ya pili ya kupima rangi usiitie tindikali, tindikali inabadilisha rangi, hiyo ipimwe ndani ya siku mbili tatu.

Na kila safari beba sampuli tupu. Maana yake unabeba maji safi ya maabara kutoka mjini, unayapitisha kwenye sirinji ile ile, filta ile ile, chupa ile ile, pale pale darajani. Yakisoma karibu na sifuri uko salama, yakisoma 1.5 basi kitu fulani kwenye mnyororo wako kinavuja kaboni na itabidi ukitafute. Maji ya betri ya dukani usiyatumie kwa hili, yametolewa chumvi lakini hakuna aliyekuhakikishia yametolewa kaboni.

Kupima. Mashine yenyewe inachoma sampuli kwenye joto la nyuzi 680 hivi au zaidi na kuhesabu hewa ya ukaa inayotoka, ni ya bei na haipo kila mahali, mtalazimika kuelewana na maabara ya chuo au ya maji. Kwa hiyo mpango wangu ni huu: kila sampuli pima mwanga, sampuli chache kwa mwaka peleka kwenye mashine. Kupima mwanga ni kutumia spektrofotomita, kifaa kinachoonyesha mwanga kiasi gani umemezwa na maji, kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 254, ambayo macho hayaoni, na kikombe chake lazima kiwe cha kwatzi kwa sababu kioo cha kawaida na plastiki vinameza mwanga huo. Kadri kaboni ya msituni inavyozidi ndo mwanga unavyomezwa.

Ukishakuwa na vyote viwili gawanya kimoja kwa kingine. Tuseme kikombe cha sentimita moja kimesoma 0.120, hiyo ni 12 kwa mita, na mashine imesema miligramu 3 kwa lita, 12 gawa kwa 3 ni 4. Namba ikiwa 4 na kuendelea kaboni yako ni ya udongo na majani yaliyooza, ikiwa chini ya 2 ni vitu vyepesi zaidi, sukari, asidi ndogo ndogo, vitu vya mwani au maji machafu. Mimi naipenda sana namba hii kwa sababu inaonyesha chanzo kinabadilika hata pale jumla haijabadilika, msitu ukipungua na makazi yakiongezeka unaweza ukaona miligramu zile zile lakini namba inashuka mwaka hadi mwaka. Tahadhari moja tu ya kwetu, chuma nacho kinameza mwanga huo huo, na udongo mwekundu wa Usambara una chuma kingi, kwa hiyo mwombe mtu wa maabara apime na chuma angalau mara chache kila msimu.

Ratiba: kila wiki mbili, siku ile ile, saa ile ile, mvua jua. Juu ya hapo chota na mafuriko, hata mawili tu kwa msimu, ukichota kila saa mbili tatu toka mto unapoanza kupanda hadi unaposhuka. Usiache ratiba ya kawaida ukabaki na mafuriko peke yake, wala usikwepe mafuriko kwa sababu barabara ya Muheza kwenda Amani imeharibika. Angalia hesabu hii uone kwa nini. Tuseme siku ya kiangazi mto una mita 1 ya ujazo kwa sekunde na kaboni miligramu 2 kwa lita, siku ya mafuriko una mita 20 na kaboni 8. Wastani wa haraka ni 5. Lakini ukipima kwa uzito wa maji yenyewe, 2 mara 1 jumlisha 8 mara 20 unapata 162, gawa kwa 21 ni 7.7. Na ile siku moja ya mafuriko inapitisha gramu 160 kila sekunde, ambayo kwa saa 24 ni karibu tani 13.8, wakati siku ya kiangazi haifiki hata kilo 200. Yaani ukikosa mafuriko umekosa mto.

Sasa tuje kwenye miaka mingi yenyewe, maana ndo lengo. Hapa namba zinadanganya vibaya. Mvua za vuli ya 2019 zilikuwa nyingi mno, halafu 2021 na 2022 ukame hadi maji yakagawiwa kwa mgao Dar kwa sababu maji ya Ruvu yalipungua sana, halafu 2023 El Niño na mafuriko tena. Mtu aliyeanza kupima 2019 akaacha 2022 angesema kaboni inapungua, aliyeanza 2021 akaishia mwanzoni mwa 2024 angesema inapanda, na wote wawili wangekuwa wamepima mvua. Dawa yake ni kuchora grafu ya kaboni dhidi ya wingi wa maji, upate mstari wa kawaida wa mto wako, halafu angalia kila sampuli imekaa juu au chini ya mstari huo kiasi gani. Zile tofauti ndo unazifuatilia mwaka hadi mwaka. Kama sampuli za miaka ya karibuni zinazidi kukaa juu ya mstari kwa kina kile kile cha maji, hapo kuna kitu kimebadilika kwenye ardhi.

Kujua kama mwelekeo ni wa kweli kuna njia ya takwimu ya Mann na Kendall, na ya Sen ya 1968 kwa kujua kasi, unaweza kuifanya kwa mkono. Tuseme una wastani wa kila mwaka kwa miaka mitano: 3.1, 3.4, 2.9, 3.6, 3.8. Chukua kila jozi ya miaka, zipo 10, toa ya nyuma kwenye ya mbele ugawe kwa idadi ya miaka katikati. Ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa zile mbili za katikati ni 0.167 na 0.175, kwa hiyo kasi ni kama miligramu 0.17 kwa lita kila mwaka. Inavutia eeh? Hiyo ni ya Sen, sasa kwa Mann na Kendall hesabu jozi zinazopanda, 8, na zinazoshuka, 2. Kwa miaka mitano tu mpangilio wa kupanda namna hiyo au zaidi unatokea kwa bahati mara 12 hivi katika kila 100. Siwezi kwenda kwenye mkutano wa kijiji kuwaambia watu msitu wao unaharibika kwa ushahidi wa namna hiyo. Endelea kupima. Na ukiwa na data za kila mwezi linganisha Aprili na Aprili, Novemba na Novemba, usichanganye masika na kiangazi.

Wenzetu wa Uingereza wanaonyesha faida ya uvumilivu. Walianza kupima mito na maziwa ya milimani 1988 kwa sababu ya mvua ya tindikali, kaboni walipima kama nyongeza tu, na baada ya miaka 15 wakakuta imeongezeka kwa wastani wa asilimia 91, karibu mara mbili. Watu wakabishana sana, wengine wakasema ni joto la dunia, na mwaka 2007 kundi la watafiti akina Monteith likalinganisha data za Ulaya na Amerika Kaskazini likaonyesha sababu kubwa ni kwamba salfa ya viwandani imepungua hewani, udongo umepoteza ile tindikali na sasa unaachia kaboni uliyokuwa umeishika. Msichukue sababu hiyo mkaibandika Zigi. Sisi hatukuwa na miaka mia ya moshi wa makaa ya mawe juu ya Amani. Kwetu mimi ningeanza kutafuta kwenye kukatwa miti, mashamba yanayosogea hadi ukingoni mwa vijito, mabonde ya majimaji yanayokaushwa, vyoo, mkonge, na mvua zinavyobadilisha tabia. Amani ina bahati, kuna kituo cha utafiti toka enzi za Wajerumani 1902, kwa hiyo ulizia kumbukumbu za zamani za mvua kabla hujajenga hoja.

Adui mkubwa wa kazi ya miaka mingi ni kubadilisha njia katikati. Maabara inanunua mashine mpya, filta zile zimeisha dukani mnanunua aina nyingine, kijana aliyekuwa anachota kaolewa Lushoto, na ghafla grafu inaruka. Ukibadilisha kifaa chochote, tumia cha zamani na kipya sambamba kwa mwaka mzima, sampuli zile zile pande zote mbili, ndo uachane na cha zamani. Andika aina ya filta, tarehe, jina la aliyechota, chupa zilioshwa na nini. Kipimo kikiwa chini ya uwezo wa mashine usiandike sifuri, andika "chini ya 0.5" au vyovyote mashine inavyosema. Wala usifute namba ya ajabu, izungushie duara uandike maelezo pembeni, saa ingine namba ya ajabu ni mtu kamwaga kitu mtoni usiku.

Data ziwe sehemu tatu: daftari la karatasi lililokaa shuleni au ofisi ya kijiji, ekseli kwenye kompyuta, na nakala kwa Bodi ya Bonde kila mwisho wa mwaka. Na toka mwaka wa kwanza wafundisheni watu wawili wadogo zaidi yenu kuchota na kuchuja, wawe wanakuja darajani kwa zamu, kwa sababu huu mto inabidi upimwe hata nyie mkihama.